Kurasa Sita za Bawabu

Jumatatu asubuhi, kabla hata sijafungua dirisha la pili la duka, aliingia mwalimu mmoja wa kike ameshika karatasi kwa mikono miwili kama amebeba bakuli la maji. Alitaka nimtolee kopi arobaini. Nikaipokea, nikaitazama. Ulikuwa mchoro wa mzee mwenye kofia, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango mkubwa wa chuma, na chini yake kwa herufi nene: NENDENI. MIMI NABAKI MLANGONI.

"Wamechora wanafunzi wangu," akasema. "Darasa zima limepagawa na hiki kitabu, na mimi mwenyewe nimekisoma mara mbili. Hebu niambie, Dada Mchapaji, mwandishi si ni ndugu yako? Bawabu tutamwona kitabu cha pili?"

"Sijui, mwalimu. Mimi nachapa tu."

Uongo mtupu. Na mimi si mtu wa uongo, muulize yeyote mtaa huu. Mteja akiniletea flashi imejaa virusi namwambia hapohapo akaioshe kwao. Lakini habari ya Bawabu ilikuwa imenifunga mdomo miezi minne, tangu kitabu kitoke, na kila aliyekuja kukisifia dukani kwangu alinizidishia hofu.

Acha niseme yote, maana mficha uchi hazai, na dada yangu ni mkunga, msemo huo ameutumia kunisimanga maisha yangu yote.

Tumezaliwa wawili. Yeye mikono yake ni ya baridi mwaka mzima, tangu utotoni, hata kabla hajaanza kazi ya kunawa mara hamsini kwa siku. Mimi yangu inachemka. Baba alikuwa akitushika mikono kutupeleka shule, mmoja kulia, mmoja kushoto, anasema, "Nimebarikiwa, nina Barafu na Pasi." Majina yakatuganda. Mpaka leo akina mama wodini wanaruka Dada akiwagusa tumbo, naye anawaambia, "Tulia, hiyo ndiyo salamu yangu."

Baba alipofariki, miaka mitatu iliyopita, Dada akaanza kuandika. Kwa mkono, kwenye madaftari ya shule, mezani jikoni kwake, kabla ya kwenda zamu. Hadithi ya nchi ambayo pepo zote zimefungiwa nyuma ya milango tisa, na atakayeshika funguo zote ndiye atakayetawala. Milango tisa, vitabu tisa. Nilipomwambia vitabu tisa ni vingi mno akanitazama juu mpaka chini. "Nimezalisha watoto sina hesabu. Tisa kitu gani?"

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Akimaliza daftari analileta dukani, mimi nachapa, yeye haligusi tena. Kurudia kusoma alichoandika? Ng'o! "Mtoto akishatoka huwezi kumrudisha ndani umtengeneze pua," anasema. "Wewe ndiye macho yangu." Barua za mhariri zilipitia kwenye kompyuta yangu. Nakala ya mwisho ya kusahihisha niliisoma mimi. Kitabu kilipotoka alikifunga kwenye kitambaa akakiweka juu ya kabati, na mtu akianza kumsimulia habari zake anaziba masikio kwa vidole, mtu mzima, mbele za watu. Anadai akisifiwa ataandika kufurahisha, na akilaumiwa ataandika kwa hasira.

Sasa huyo Bawabu. Ni mzee anayelinda mlango wa kwanza pamoja na binti zake wawili, Mshika-taa, aliye mkubwa, na Mdogo. Anachechemea mguu wa kushoto, anazungumza na bawaba za mlango kana kwamba ni wajukuu zake, na mtu akimharakisha anamjibu, "Polepole, mlango haukimbii." Jamani, Baba yetu alikuwa bawabu wa shule miaka thelathini na mmoja. Alichechemea mguu wa kushoto. Maneno hayo nimeyasikia kila asubuhi ya utoto wangu nikiwa chini ya kitanda natafuta kiatu cha pili. Kwa hiyo kila nilipochapa daftari la Dada nilikuwa nimekaa na Baba. Siku nyingine nilichapa taratibu makusudi, asiishe haraka.

Halafu likaja daftari la sita. Ukurasa wa kumi na nane, juu kabisa, nikakuta: "Siku Bawabu alipokufa, hakuna upepo uliovuma."

Nikalifunga daftari. Nikasimama mlangoni pa duka nikatazama barabara.

Siku Baba alipokufa mimi sikuwapo. Tulikuwa wodini mchana, Dada upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, kila mtu na mkono wake. Simu yangu ikaita. Mteja ana barua ya kuomba kazi, mwisho wa kupokelewa saa tisa, nifanyie hisani. Nikamwambia Dada, nusu saa tu. Printa ikanasa karatasi. Nusu saa ikawa saa mbili, na niliporudi nilimkuta Dada amesimama koridoni, na sura yake ikaniambia kabla ya mdomo. Tangu siku hiyo hatujawahi kuzungumzia zile saa mbili. Yeye hakuuliza, mimi sikusema.

Na sasa alikuwa ameziandika, kurasa sita, na kunipa nizichape. Sikuweza. Nilizihesabu kwa kona, nikiinua karatasi bila kusoma, nikaona zinaishia wapi, na mahali pake nikachapa maneno yangu mwenyewe: Bawabu akasema, "Nendeni. Mimi nabaki mlangoni." Wakaenda. Huko mbele alitajwa marehemu mara mbili. Nikalifuta neno hilo mara mbili. Nilijiambia nitarekebisha kesho. Kesho ikazaa kesho, mhariri akaandika kuwa ameupenda mwisho wa Bawabu, na kitabu kikaenda mtamboni.

Nani alijua kingeshika moto namna ile? Foleni ya duka la vitabu ilifika mpaka kwa fundi viatu. Kinyozi wa jirani akapaka ukutani, kwa rangi ya buluu, NABAKI MLANGONI, na wateja wanapiga picha hapo. Mapacha wawili wa mtaa wa nyuma hawasalimiani kwa sababu mmoja anasema Bawabu anabaki kwa mapenzi na mwingine anasema anabaki kwa siri ya funguo. Maneno yanayorudiwa na mji mzima, na si ya Dada. Ni ya kwangu, niliyoyachapa kwa woga ndani ya dakika moja.

Jumatatu hiyohiyo mchana Dada akaingia na sare yake ya kazi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua viatu.

"Daftari la kwanza la kitabu cha pili," akasema, akaliweka mezani. "Na habari nyingine. Mkutubi amenisumbua mpaka nimekubali. Jumamosi saa nne nakwenda maktaba kuzungumza na wasomaji."

"Wewe? Wewe unayeziba masikio?"

"Maswali matatu tu, nimemwambia. Nimekubali kwa sababu Jumamosi Baba anatimiza miaka mitatu tangu atutoke. Nitawasomea kurasa za kifo cha Bawabu, basi, nirudi nyumbani. Kitabu kizima niliandika kwa ajili ya kurasa hizo, unajua."

Nikafungua daftari nipate pa kuficha macho. Mstari wa kwanza: "Mwaka mmoja baada ya Bawabu kuzikwa..." Nikahisi jasho likinitoka mgongoni.

"Kuna muuguzi mwenzangu," Dada akaendelea, anajikanda kisigino, "ananiuliza kila siku, Bawabu atarudi? Namwambia aliyekwenda hivyo harudi. Anacheka, anasema tutaona. Watu hawakubali kifo, mdogo wangu. Mbona umeloa hivyo?"

"Joto."

"Pasi wewe," akasema, akaondoka.

Jumanne nilikwenda kwake kumwambia. Nilikaa, nikanywa chai vikombe vitatu, nikamsaidia kukunja nguo, nikasifia pazia ambalo nimelijua miaka kumi. Aliponiuliza kama nina jambo nikasema nilikuja kuazima pasi. Akanipa. Sasa nina pasi tatu nyumbani.

Jumatano nikamfuata kazini. Nikamkuta koridoni, nikashusha pumzi, nikasema, "Dada, kuna kitu kuhusu kitabu," naye akaziba masikio palepale, akitabasamu, na mlango ukafunguliwa akaitwa ndani. Nilisimama pale nikisikia mwanamke analia kwa uchungu, nikamwonea wivu. Yeye angalau chake kilikuwa kinatoka.

Alhamisi sikula. Niliona kabisa itakavyokuwa: Dada amesimama mbele ya watu, anafungua kitabu chake kwa mara ya kwanza, anatafuta kurasa, anapindua, anarudi nyuma, anapindua tena. Halafu anainua macho ananitafuta mimi. Kila nikifumba macho naona vidole vyake vikipindua.

Ijumaa shetani akanipa akili. Mimi si nina duka la uchapaji? Nina mashine ya kukata karatasi, nina gundi ya vitabu, nina herufi zilezile. Nitachapa zile kurasa sita kwa ukubwa wa kitabu, nitabandua jalada la nakala moja kwa wembe, nitazipachika, nitampa Dada asome kwa nakala hiyo. Na wasomaji watakaokuwa na nakala zao mkononi je? Sikufika huko. Mwenye hofu haoni mbali kuliko pua yake.

Nikafunga duka saa sita mchana, nikatoa daftari la sita kwenye droo. Kuchapa lazima usome. Nikasoma.

"Macho ya Bawabu yalikuwa yamezima tangu asubuhi. Akauliza, 'Mdogo amerudi?' Mshika-taa akatazama njia, na njia ilikuwa tupu. Akasema, 'Amerudi, huyu hapa.' Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari ndani ya kiganja cha mzee. Akainama juu ya kitanda, akampa na wa kushoto kwenye kiganja cha pili. Bawabu akaupapasa. 'Una baridi,' akasema. 'Umetembea sana. Pumzika, mwanangu. Polepole, mlango haukimbii.' Akaifumba mikono yote miwili, mmoja wa kila binti, akalala."

Sikuendelea. Nililia mpaka kinyozi akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Wembe niliuacha juu ya meza, na jalada sikuligusa. Baba aliniulizia. Aliniulizia mimi, nikiwa napigana na printa kwa ajili ya barua ya mtu nisiyemjua hata jina.

Jumamosi nilitembea na Dada mpaka maktaba nikiwa na daftari la sita kwenye mkoba. Njia nzima yeye anazungumza, mimi naitikia mhm, mhm. Kitabu chake kilikuwa bado kimefungwa kwenye kitambaa. Mkutubi, bibi mmoja mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akatuingiza ofisini kwake nyuma ya ukumbi. Kupitia mlango tulisikia watu. Viti vilikuwa vimeisha, wengine wamekaa sakafuni, na kundi moja lilikuwa linaimba kwa kupiga makofi: nabaki, nabaki, nabaki mlangoni.

"Wanaimba nini?" Dada akauliza, mkutubi alipotoka kuwatuliza. Akaanza kufungua fundo la kitambaa.

"Usifungue," nikasema.

"Kwa nini?"

"Hazimo. Kurasa za kifo hazimo kwenye kitabu. Sikuzichapa. Niliandika maneno yangu, nikamwacha Bawabu hai, na hayo ndiyo wanayoimba. Dada, nisamehe. Niliona mstari wa kwanza nikashindwa."

Mikono yake ikasimama juu ya fundo. Nilisubiri anipigie kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele, najua kupokea kelele.

"Hukuzisoma?" akauliza.

"Daftari lilikaa kwenye droo, ninalo hapa mkobani. Nimezisoma jana."

"Jana." Akakaa kwenye ukingo wa meza ya mkutubi, juu ya kadi za watu. "Mwaka na nusu. Nilikuletea daftari la saba nikakutazama usoni. La nane, nikakutazama. Kila mara najiambia, leo atasema neno. Husemi. Nikajua umenikasirikia."

"Nikukasirikie wewe? Kwa lipi?"

"Nilimdanganya Baba!" Sasa ndipo sauti ilipopanda. "Mtu anakufa, anamuuliza mtoto wake, nami namdanganya, nampa mkono wangu. Nilimnyima kujua ukweli, nikakunyima wewe nafasi yako. Sikuweza kukuambia mdomoni, nikaandika. Nilitaka wewe, wewe mmoja tu, uniambie kama nilifanya vibaya. Kumbe ulifungia kwenye droo!"

Mlango ukafunguka, mkutubi akaingiza kichwa. "Karibuni, watavunja viti."

Ukumbi ulisimama wote. Walipiga makofi mpaka vumbi la madirishani likashuka. Mwalimu wangu alikuwa pale na michoro yake, mapacha wale wamekaa kila mmoja pembe yake, na kinyozi mbele kabisa, amevaa shati jeupe. Dada alikaa, akanionyesha kiti cha pembeni yake. Hakunitazama.

Kinyozi hakusubiri kuitwa. "Mama mwandishi, sisi wote hapa swali letu ni moja. Bawabu yu hai?"

Watu wakacheka. Dada akashika ukingo wa meza. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angejua, na mimi ningepona. Nilimwomba Mungu Dada aseme ndiyo.

"Swali hilo muulizeni mdogo wangu," akasema. "Yeye ndiye aliyembakiza mlangoni."

Macho yote yakahamia kwangu. Nilisimama nikishika mgongo wa kiti.

"Alikufa," nikasema.

"Haiwezekani!" Mwalimu akainua kitabu. "Ukurasa huu hapa, anasema anabaki!"

"Hayo niliyaandika mimi. Dada aliandika kurasa sita za kifo chake, mimi nikaziruka nilipokuwa nachapa. Bawabu ni baba yetu. Alipokufa mimi sikuwapo, nilikwenda dukani kuchapa barua ya mtu. Sikutaka afe tena nikiwa nashika kazi ileile. Nimewadanganya, na nimemharibia dada yangu kitabu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ebo," kwa sauti ndogo, basi. Mmoja wa wale mapacha alihama pembe yake, akaenda akakaa karibu na mwenzake.

Dada akaingiza mkono kwenye mkoba wangu bila kuomba, akatoa daftari la sita, akaniwekea mbele. "Soma," akasema. "Umechelewa, lakini soma."

Nikasoma. Mbele yangu kinyozi alikuwa ameshaanza kufuta macho na mkono wa shati lake jeupe. Nilipofika pale Bawabu anapouliza kama Mdogo amerudi, karatasi ikawa inanicheza vidoleni hata sioni maandishi, na Dada akanyoosha mkono wake wa kushoto akaushika wangu. Alifanya hivyo bila kunitazama, kama mtu anayemshikia mwenzake kikombe kisimwagike.

Ulikuwa baridi kama kawaida yake.

"Bawabu akaupapasa," nikasoma. "'Una baridi,' akasema..."

Nikausoma tena mstari ule, kimoyomoyo. Nikaweka daftari chini.

"Dada," nikasema, na sikujali kama watu mia mbili wananisikia. "Hivi ndivyo alivyosema? Baba? Maneno hayahaya?"

"Hayahaya. Sikubadilisha hata moja."

"Mimi mikono yangu iliwahi kuwa na baridi lini?"

Akanigeukia.

"Barafu ni wewe," nikasema. "Alitushika mikono miaka yote ile, kulia na kushoto, angekosea? Alijua ni wako. Alijua sipo. Hukumdanganya, Dada. Yeye ndiye aliyekuacha uamini kwamba amedanganyika."

Nilimwona akiitafuta siku ile, uso wake ukirudi kule wodini, kitandani, kwenye mikono. Kisha mkunga huyu, ambaye hakulia hospitali, hakulia makaburini, aliinamisha kichwa juu ya meza ya maktaba akalia kwa sauti, na mkono wangu hakuuachia. Na mimi nilijua, kwa uchungu ambao sijui utaisha lini, kwamba Baba alikufa akijua sipo, na kwamba neno la "pumzika, mwanangu" alimwambia aliyekuwapo.

Watu walingoja. Mwishowe Dada akajipangusa pua kwa kitambaa kilichokuwa kimefungia kitabu, akanisogezea daftari.

"Malizia," akasema. "Zimebaki kurasa mbili, na hizo ni zako, ndipo Mdogo anaporudi."

Nikatafuta mstari, nikaendelea kusoma.